Cheti Nilichompa Shefu wa Gare

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, kabla jirani hajauanza: nilimpa mtu mzima cheti cha kupumzika, na hakuwa ameniomba.

Tena cheti kizuri. Nilitafuta karatasi ile ngumu ya rangi ya maziwa, ya mialiko ya harusi, nikaipiga ukingo kwa rula, nikaandika kwa wino mweusi, herufi za kulala kama tulivyofundishwa sekondari. "Kwa heshima na shukrani, Komite ya Noeli ya avenyu yetu inampumzisha Papa wetu mpendwa." Neno "inampumzisha" nililiandika kubwa kuliko mengine, nikalipigia mstari chini, halafu nikaongeza wa pili. Mtu mwenyewe sikuwahi kumwona ameketi dakika tano mfululizo kwa miaka yote niliyomjua. Mimi ndiye mwenye kuketi tangu chai ya asubuhi. Nilimpa kitu nilichokijua.

Hapa Kalemie tulimwita Shefu wa Gare. Kazi ya gare, stesheni ya reli, alikuwa ameiacha zamani, kofia ya kazi akapewa mwingine, lakini jina lilikataa kushuka. Yule aliyempokea ofisi, babu wa wajukuu wanne, mpaka leo watu wanamwita Shefu Mupya.

Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kwenye avenyu yetu. Yangu ni ya tatu. Ya pili ni ya Mama Feza, anayekaanga mandazi mlangoni pake, na hakuna jambo lililowahi kutoka nyumba ya kwanza likafika ya tatu bila kupita kinywani mwake. Mimi ninaandikia watu barua na maombi ya kazi barazani kwangu, kwenye kiti cha kamba. Kamba za kiti hicho zimeshika umbo langu. Mama Feza anasema siku nikifa wazike kiti, watu hawataona tofauti.

Sasa yule Papa. Nikimkumbuka, namkumbuka akipita. Hata nikijitahidi kumsimamisha kichwani ili nimwangalie vizuri uso, ananiponyoka, naona mgongo, koti la kaki, na bendera mbili zikichungulia mfuko wa nyuma, ya kijani na nyekundu. Asubuhi anakwenda mpaka daraja la Lukuga, anarudi, anapita gare, anatazama saa ya ukutani, anatazama ya mkononi, anatikisa kichwa kama mtu aliyekuta saa zote mbili zinadanganya, anaendelea. Anatembea kama amechelewa mahali. Ukimwuliza mahali gani, anakasirika.

Ukimpa kiti, anakiwekea kofia. Nyumba zote za avenyu zilijua: Shefu akija, toa kiti cha kofia. Bukari, ugali wetu, aliula wima, sahani mkononi, huku akizunguka mbabula ya makaa. Siku moja Mama Feza alichoka kumfuata na bakuli la dagaa.

"Papa, ikala, kaa chini! Utakula sawa askari? Chakula itakushukia mupaka kwenye viatu."

"Mama Feza, ikishuka kwenye viatu itanisaidia kutembea. Ongeza ndakala."

Hakuwa na saa zetu za Kiswahili, alikuwa na saa za reli. Kwake saa kumi ya jioni ilikuwa saa kumi na sita, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Mtoto aliyefika repetisio saa kumi na sita na dakika tano alisimamishwa mbele ya wenzake na kuulizwa, "Abiria, ulipotelea wapi?" Mtoto anajibu lazima kwa kuimba. Ukijibu kwa maneno ya kawaida, unarudi mpaka getini, unaingia upya.

Ndiyo, repetisio, mazoezi ya mchezo. Nimesema habari za kutembea nikasahau kusema alikuwa anatembea kuelekea nini. Kila mwaka, kuanzia Oktoba, yule mzee alitutungia Noeli ya kuchekesha, ya kuimba, watoto wa avenyu wakiigiza na wazazi wao wakiburutwa ndani. Uwanja ulikuwa ua wa shule ya nyuma yetu. Na jambo la kwanza linalopaswa kujulikana ni kwamba mtunzi wa nyimbo zote hizo hakuweza kuimba hata kidogo. Sauti yake ilikuwa ya kutangaza, ya mtu aliyezoea kuita vituo vya Nyunzu na Kabalo mbele ya kelele za injini. Alichofanya ni kuwatangazia watoto maneno, akapiga mguu chini kwa kipimo, halafu anageuka kuwapa mgongo mpaka watengeneze muziki wenyewe. Wakipata kitu kitamu, bendera ya kijani inapanda juu ya bega lake. Kikiwa kibaya, nyekundu. Firimbi moja ndefu: tunaanza. Mbili fupi: kondoo watulie. Tatu: malaika waache kusengenyana.

Hadithi yenyewe ilikuwa ile ile ya Betelehemu, ila Betelehemu yake ilikuwa na matope yetu. Yosefu ni seremala aliyechelewesha kitanda cha mteja. Mteja, baba mmoja mwenye tumbo, anamfuata Yosefu toka Nazareti akiimba anadai kitanda chake, anaimba njia nzima, anaimba hata mbele ya malaika, na mwishoni kitanda chenyewe, ambacho hakijamalizika, ndicho mtoto Yesu anacholazwa. Mteja anakiona, anavua kofia, anaimba kwamba atangoja kidogo. Watu walikufa kwa kicheko hapo kila mwaka, na kila mwaka kuna mama mmoja alifuta macho akisema ni moshi.

Wafalme walitoka Kigoma kwa mashua. Pwani wanakuta mtu wa forodha, binti wa miaka minane mwenye miwani ya babu yake, anayeshika manemane kwa vidole viwili.

"Hii inakuliwa ama inapakaliwa?"

"Inatolewa zawadi, Mama."

"Kwa nani? Iko wapi karatasi ya huyo mwenye kupewa? Amezaliwa lini?"

"Leo, Mama."

"Leo, na ashakuwa na mizigo?"

Herode alikuwa pipa. Hilo lina sababu. Zamani Herode aliigizwa na mtoto mmoja mwenye kipaji, kipaji kikubwa mno, na mpaka Pasaka akina mama walikuwa wanawatoa watoto wachanga barabarani akipita. Mama yake alilia kwa Shefu. Tangu hapo Herode akawa pipa la mafuta lililolazwa ubavu, na ndani ya pipa sauti. Sauti hiyo ilikuwa yangu. Niliiomba kazi hiyo mwenyewe, sababu ndani ya pipa mtu anaweza kukaa. Niliingia na mto wangu mdogo, na daftari la maneno, nikawa pia mkumbushaji wa wale waliosahau. Kwa hiyo kwetu, miaka mingi, Herode ndiye aliyemnong'oneza Maria maneno yake. Hakuna padri aliyelalamika.

Sheria ya Shefu ilikuwa moja: "Mutoto moja, neno moja." Hakuna mtoto wa kusimama tu na mabawa. Hata wa miaka mitatu anapewa neno lake, na neno hilo likiondolewa, hadithi inakwama. Wazazi walidhani ni upole. Haukuwa upole, alikuwa mkali kama pilipili ya Mama Feza. Ni kwamba katika reli hakuna mtu wa mapambo. Kila mmoja ana swichi yake.

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia nyumba za chini, familia kadhaa zilihamia kwetu juu. Sifa alikuja na mama yake na godoro lililolowa. Alikuwa na miaka saba, na hakuwa anasema. Si bubu, alikuwa tu ameacha. Mwalimu alijaribu, mama yake alijaribu kwa upole na kwa fimbo. Shefu alimtazama siku moja tu getini, akamwita: "Wewe, utakuwa mulango."

Mlango wa hoteli ya Betelehemu. Kazi yake ilikuwa kusimama, Yosefu anyooshe mkono mbele ya paji la uso wake kama anabisha, na yeye aseme: "Ko, ko, ko." Wiki ya kwanza Yosefu alibisha, kimya. Mwenye hoteli hawezi kusikia, hadithi haiwezi kuendelea. Watoto thelathini wanangoja, mteja wa kitanda anangoja, mimi kwenye pipa miguu inakufa ganzi. Shefu alizunguka ua wote akitazama saa, hakumwambia kitu. Siku ya nne, Sifa alisema "ko" moja, kwa hasira, kama mtu anayetema mbegu. Bendera ya kijani ilipanda juu kiasi kwamba koti lilichanika kwapani.

Mwaka uliofuata mlango wenyewe ulijibu, bila kuandikiwa: "Nani huyo anasumbua?" Shefu akaiacha hiyo. Na mwaka huu ninaousimulia, Sifa alikuwa awe Maria.

Nisimchore kama mtakatifu. Alikuwa mtu wa kuudhi. Alidai saa kali toka kwa kila mtu, na yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza kuandika. Usiku wa kuamkia Noeli maneno bado yalikuwa yanabadilika. Asubuhi yake nilipewa vipande vya karatasi ndani ya pipa kwa dirisha la kutu. Aliwachukia watu wanaolia kwenye Noeli. "Aliyezaliwa ni mutoto, haiko marehemu. Mucheke!" alitangaza, na yeye mwenyewe, Sifa aliposema lile "ko" la kwanza, alikwenda kusimama nyuma ya choo cha shule muda mrefu, na aliporudi alinikemea mimi kwa kukohoa.

Na hili, ambalo nililijua muda mrefu kabla ya kulielewa: mtu huyu, aliyeruhusu magari ya moshi kuondoka maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kupanda. Mara moja mpaka Nyunzu, kwa msiba, akarudi siku iliyofuata. Binti yake anaishi Manono, mume wake yuko kwenye mambo ya madini, kila mwaka anamwita. Kila mwaka jibu lile lile, kwamba yeye ndiye mtumaji: "Mimi njo natuma, siendi." Alikuwa na sababu moja ya kubaki, na sababu hiyo ilianza kila Oktoba.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa. Nimesimama mara mbili tangu nianze ukurasa huu, nimekwenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Wazazi walikuwa wanalalamika, hilo ni kweli. Repetisio zilikuwa ndefu, watoto walirudi nyumbani bila sauti. Na mwisho wa mchezo wake haukuwa na mwisho: Yosefu anabisha hoteli mara tatu, mara mbili anafukuzwa kwa wimbo, mara ya tatu mwenye hoteli anafungua, na hapo Shefu anaita nyumba za avenyu moja moja, kila familia iimbe ikiingia, mpaka hakuna mtazamaji aliyebaki, wote wako Betelehemu. Wali wa Noeli nyumbani unapoa. Komite ya wazazi watatu na mimi tukakutana barazani kwangu, sababu mimi sitoki. Mmoja akasema, "Mzee amechoka." Mwingine akasema, "Anapaswa kupumzika." Wote wakanitazama, mwenye diploma na mwandiko.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na sababu sikuisema mbele yao, naiandika hapa. Wiki moja kabla, Shefu alikuwa amepita kwangu akaweka kofia kwenye kiti changu cha wageni na kutangaza:

"Mwaka huu Herode atatoka."

"Atatoka wapi, Papa?"

"Kwenye pipa. Atasimama, atacheza mbele ya watu. Pipa imechoka."

Basi. Nilimstaafisha mtu ili nisicheze.

Tulimkabidhi cheti siku ya kwanza ya repetisio, mbele ya watoto, na chupa za jus. Nilisoma kwa sauti. Alikipokea amesimama, akakisoma mwenyewe upya, akakigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Nyuma palikuwa peupe.

"Inaanza lini?"

"Leo, Papa."

"Saa ngapi?"

Nilitazama karatasi, saa haikuwepo. Alitazama saa yake, akatoa kalamu, akaandika kwenye pembe, kama alivyoandika kila kitu kilichowahi kuingia gare: Imepokelewa, 16.07. Halafu akatoa firimbi shingoni, akaiangalia, akairudisha shingoni. Akasema "Merci" kwa komite yote, mtu mmoja mmoja, na akaondoka. Alitembea polepole. Ndicho kitu cha kwanza kilichoniogopesha.

Mama Feza aliangalia mgongo ule mpaka ukaingia nyumba ya kwanza. "Mumemufanya nini?" aliuliza. Nikamwonyesha picha ya cheti kwenye simu, maana nilikuwa nimeipiga kwa fahari na kuiweka watu waione. Watu waliiona. Waliipongeza. Kazi nzuri, mwandiko mzuri. Picha ilitembea kuliko mimi nilivyowahi kutembea, na baada ya siku chache ilifika Manono, kwa binti yake.

Repetisio nilizishika mimi, nikiwa nimekaa. Nilileta kiti. Niliandika ratiba, muda wa saa moja tu, nyumba za avenyu hazitaitwa, mteja wa kitanda nikampunguzia nyimbo. Watoto walifika kwa wakati, wakasema maneno kwa wakati, na hakuna aliyecheka. Mtu wa forodha aliuliza kuhusu manemane kama mtu anayesoma dawa. Sifa alisema maneno yake yote, hakukosea hata moja, akiangalia geti. Siku moja katikati ya wimbo wa malaika tuliona kofia inapita juu ya ukuta wa shule, kwenda. Baadaye kidogo, kurudi. Malaika wote waligeuza vichwa, kwenda, kurudi. Nikapiga makofi. Sikuwa na firimbi.

Wiki ya pili ya Desemba binti yake akafika. Mwanamke mwema, nisimseme vibaya. Alikuja kunisalimia na kunishukuru.

"Papa alikuwa anakataa miaka yote, anasema watoto wa hapa wako na haja naye," aliniambia. "Safari hii nilimuonyesha ile karatasi yenu. Nikamwambia: Papa, hata watoto wamekuachilia. Unabakia kwa nani? Akaingia kufunga valizi. Umetusaidia sana, Papa."

Ni mara ya kwanza kiti changu kiliniuma.

"Na huko Manono atafanya nini?" niliuliza.

"Atakaa. Tumemununulia kiti ya mito."

Nilitaka kwenda kumwona jioni ile. Nilitaka na kesho yake. Kila nilipotaka, kulikuwa na barua ya mtu ya kumalizia. Papa na binti yake wakahamia gare na mizigo yao, sababu gari la moshi la Kabalo lilikuwa linangojwa, na mtu akitaka nafasi ni kukaa karibu. Toka Kabalo watamalizia kwa barabara. Siku mbili kabla ya Noeli nilitoka na daftari langu kwenda ua wa shule, nikakuta ua ni mtupu. Pipa tu. Hata pipa lilikuwa limegeuzwa.

Mama Feza alikuwa getini na beseni lake la mandazi kichwani.

"Wako gare," alisema. "Wote. Amuka, twende."

"Nimesimama tayari, Mama Feza."

"Basi tembea."

Nilitembea. Jua la saa tisa, vumbi, jasho, watu wakinisalimia kama mgonjwa aliyetoka hospitali: "Ee, Papa! Leo ni wewe?" Kufika pale nikasikia firimbi, moja ndefu.

Alikuwa kwenye kwe ya gare, jukwaa la abiria, amesimama, koti la kaki limeshonwa kwapani, mkono hewani. Watoto wa avenyu walijaa kati ya magunia ya abiria. Abiria wenyewe, watu wa Kabalo na Nyunzu waliongoja siku mbili, walikuwa wametengeneza duara, na mteja wa kitanda alikuwa analilia kitanda chake juu ya mizani ya mizigo. Walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Binti yake alikaa pembeni juu ya mfuko wa muhogo, mkono mdomoni, na sikujua kama anacheka au la.

Nilijipenyeza mpaka kwake. Nilikuwa nimetengeneza sentensi njiani, sentensi nzuri, ikatoweka.

"Papa, ile cheti. Nilikosa. Unisamehe."

Hakuacha kupima muziki kwa mguu. "Ulikosa kitu moja. Haukuandika saa." Halafu akanitazama, jasho langu lote. "Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Umechoka?"

"Sana."

"Kaa pale."

Akanionyesha sanduku lake la bati. Nilikaa kwa shukrani. Akafungua mfuko wa koti, akatoa cheti changu, kimetobolewa pembe mbili na kutiwa kamba, akanivalisha shingoni. Mgongo wa karatasi, ule uliokuwa mweupe, ulitazama watu: HOTELI BETELEHEMU. NAFASI HAKUNA. Mwandiko wangu wa kulala ukanilalia kifuani.

"Mabibi na mabwana," alitangaza, na gare nzima ikasikia, "mwenye hoteli! Muone mwenyewe, amekaa tayari."

Walicheka. Nilicheka nami, nifanye nini. Yosefu akaja na Sifa, Sifa na mtoto wa kitambaa amefichwa tumboni kwa kitenge. Yosefu akanyoosha mkono, na kwa sababu hapakuwa na mlango, Sifa mwenyewe, kwa mazoea ya zamani, akasema: "Ko, ko, ko!" Nikaimba kwamba hakuna nafasi. Niliimba vibaya. Wakabisha mara ya pili, nikawafukuza tena, mteja akawafuata akidai kitanda, bibi mmoja wa Nyunzu akanirushia ganda la karanga. Shefu alikuwa na bendera ya kijani nusu juu.

Na hapo honi ililia toka upande wa Lukuga.

Mtu mwingine angesema ngojeni kidogo. Wimbo mmoja ulikuwa umebaki, mlango mmoja. Lakini gari la moshi lilikuwa limefika, na huyu alikuwa Shefu wa Gare. Bendera ikashuka. Alipiga firimbi tatu fupi mara mbili, alama ambayo hatukuwahi kuisikia, na watoto, sijui waliielewaje, walisogea nyuma ya mstari wa kwe bila kusukumwa. Watu wakaanza kukimbilia mabehewa. Wanaume wawili wakaja kuchukua sanduku lililokuwa chini yangu; nikainuka, nikakaa kwenye saruji.

Alikuja mbele yangu. Nilitegemea firimbi. Alinipa bendera nyekundu.

"Baki nayo. Kusimamisha vitu unajua." Ya kijani akairudisha mfukoni. "Hii naenda nayo. Ile kiti ya mito nitaitafutia watoto wa kuichezea Noeli."

"Papa, si ulisema wewe unatuma, hauendi?"

"Leo mimi njo muzigo," alisema. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Binti yake akamshika kiwiko. "Sifa!" aliita toka juu, kwa sauti ya Kabalo na Nyunzu. "Imebakia mara ngapi?"

"Moja, Papa!"

"Basi!"

Alisimama dirishani. Nilijua hatakaa mpaka Kabalo. Mkono ulikuwa kwenye bendera yake, lakini hakuitoa. Alimngoja Shefu Mupya atoe ya kwake, kama inavyotakiwa, na Shefu Mupya alipoinua, alimtazama mzee kwanza, na mzee akakubali kwa kichwa. Gari likaondoka. Kofia ilibaki inaonekana muda mrefu, kisha ikawa kofia kati ya vichwa vingine, kisha mabehewa tu.

Vumbi liliposhuka, watoto walikuwa bado pale pale. Yosefu mkono hewani. Mteja na kitanda chake. Malaika, kondoo, mtu wa forodha na miwani. Sifa mbele yangu na tumbo lake la kitambaa, midomo imeshikana, na nikaona ile hali ya mwaka wa maji inamrudia usoni, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha. Nami nilikuwa chini, nimekaa, karatasi shingoni, bendera nyekundu magotini, nikingoja mtu atuambie la kufanya.

Mama Feza alitua beseni lake.

"Simama, wewe! Ule mwenye alikuwa anasimama umeshamutuma Manono. Fungulia watoto mulango."